Matairi Manne ya Upana Mmoja

Karakana ya Magurudumu,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 418.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, mgongo umetulia, na baridi ya huko imeanza kukuzoea wewe, maana wewe kuizoea umeshindwa. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini sauti haijapungua hata kidogo. Akituita kutoka chumbani, jirani wa nyumba ya tatu ndiye anayeitika. Mkeo mzima, anarudi kazini jioni amechoka lakini anacheka. Binti yako ndiye mzima kuliko sisi sote.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijafika katikati. Mteja wangu mmoja anasafiri kesho kuja huko, na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi kabla ya Jumamosi. Ukimaliza kusoma, basi, piga simu, nami nitasikiliza.

Niseme linaloniuma kwanza. Agizo lako limenifikia, ila limenifikia kwa mdomo wa binamu yetu Redio, mbele ya wateja, nikiwa nimeinamia mashine ya kuvua tairi.

"Kaka amesema urudishe yale matairi yake mapana ya nyuma kabla mtoto hajaingia uwanja wa mbio," akasema, na sauti yake unaijua. "Anasema umemharibia gari ili upate kuuza matairi."

Wateja wakageuka kunitazama. Fundi wangu wa balansi, yule anayesawazisha magurudumu, akaanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi. Mdogo wangu, mimi nilianza kwa kuziba pancha kando ya barabara na pampu ya mguu, jua la saa saba likinipiga utosini. Leo nina paa, nina mashine, nina mafundi wanaonitegemea. Sikufika hapa kwa kumfungia mtu tairi asilolihitaji, sembuse wewe tuliyezaliwa nawe tumbo moja. Ungeniuliza. Kuuliza tu.

Basi, hasira nimeimeza. Tuje kwenye hesabu.

Gari lako lilitoka kiwandani na matairi ya mbele ya upana wa milimita 225 na ya nyuma ya 255. Ulilipenda hivyo, ulikuwa ukisimama nyuma yake unalitazama kama bwana harusi. Wenye kiwanda hawakukosea. Gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na dereva wa kawaida akizidisha mwendo kwenye kona, wao wanataka pua ndiyo ishindwe kwanza, si mkia. Mtu akishtuka huinua mguu kwenye mafuta, mwendo ukapungua, pua ikashika tena. Kwa kwenda kazini na kurudi, ningekuachia hivyohivyo.

Uwanja wa mbio ni habari nyingine. Kule kila kona unaomba yote ambayo tairi linayo. Nilipima joto la matairi yako mara tu gari liliporudi: bega la nje la tairi la mbele, yaani ukingo wake, digrii 104, bega la ndani 78. Ya nyuma, themanini na kitu kote. Yaani ya mbele yanabeba mzigo wote, na ya nyuma yamekuja matembezi. Na kwa kuwa upana si mmoja, huwezi kuyabadilishana. Kwa kila jozi ya nyuma nilikuwa nazika jozi tatu za mbele, bega la nje likiwa kipara na upande wa ndani bado una meno mazuri tu. Muuza matairi angefurahi na mpango huo, asingeuondoa. Hapo pa kuuza umenielewa?

Sasa gari lina 245 kote, juu ya rimu za inchi tisa kote. Mbele nimeongeza milimita ishirini, nyuma nimepunguza kumi. Rimu ya mbele ilikaribia sana springi, nikaweka bamba la milimita tano nyuma yake na bolti ndefu zaidi. Nimekata usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, hakuna kinachokwaruza. Matairi yakianza kulika, la mbele linakwenda nyuma na la nyuma linakuja mbele. Manne yanazeeka pamoja.

Redio amekwambia matairi hayo yamewazungusha watu watatu siku moja. Ni kweli. Ila hajakwambia jinsi ilivyokuwa, nami nitakwambia, ucheke kidogo.

Unajua sote tulijifunza uwanjani kwa gari hilohilo, na lilikuwa bishi kugeuka tangu mwanzo. Tukajizoeza kulidanganya: unakata usukani mapema, unaukata kuliko inavyotakiwa, halafu unakanyaga mafuta ili mkia usukume pua iingie. Mtindo wa ukoo, Redio anauita hivyo, na huufundisha sebuleni akishika sahani kama usukani. Basi shemeji yako, mume wangu, akaingia uwanjani na matairi mapya na mtindo wa zamani. Kona ya pili akakata usukani mapema kama kawaida. Safari hii gari likasikia. Pua ikaingia yote, mkia ukampita, akasimama kwenye vumbi anatazama alikotoka.

Akarudi kwa miguu, kofia ngumu kwapani. "Limenikana mbele za watu!"

"Shemeji, wewe huliwezi," Redio akamwambia. "Lete funguo."

Kona ileile. Vumbi lilelile. Mimi nikaona aibu ya familia haiwezi kuachwa hapo, nikaingia nikiwa najua kabisa kosa lao ni nini, na mikono yangu ikafanya vilevile kabla sijaishauri. Mwenye bendera akatufuata hadi kwenye maegesho.

"Samahani, mama," akasema. "Nyinyi ni familia moja au ni pangaboi la darini?"

Kwa hiyo watatu ni kweli. Lakini watatu wote tulifanya kosa moja, na kosa hilo tulifundishwa na matairi yako mapana ya nyuma. Ilinichukua jioni kadhaa za mazoezi kuuacha mtindo wa ukoo. Sasa nakata usukani kwa kiasi, nasubiri, gari linageuka. Nimepunguza sekunde mbili kwa kila mzunguko, na mimi si kijana.

Binti yako hana mtindo wa ukoo. Amejifunza kwa pikapu yangu ya kubebea matairi, huku nyuma kumejaa mzigo usiofungwa vizuri, kwa hiyo mikono yake ni laini. Uwanjani wanamwita Mama Taratibu, na yeye hasumbuki. Anauliza maswali. Juzi aliniuliza, "Shangazi, tukiongeza upepo wa nyuma pauni mbili, mkia utalegea au utakaza?" Nikamwambia akaongeze aone. Akaenda, akaona.

Usidhani nilimweka kwenye gari hilo kwa ubishi wangu. Nilimpeleka kwanza kwenye kile kiwanja kidogo cha klabu ambacho lami yake humwagiwa maji, na nilibeba seti zote mbili. Mwalimu wa klabu alikaa pembeni yake, yule mzee mkavu wanayemwita Breki. Mkeo alikuja kutazama pia, kakunja mikono.

Tulianza na yale mapana ya nyuma, kama unavyotaka. Kwenye maji pua haikufuata. Mtoto akaongeza usukani. Haikufuata. Akaongeza tena, kisha akaogopa akainua mguu ghafla. Hapo mbele pakashika, usukani ukiwa umekatwa wote, na gari likageuka kama mlango uliopigwa na upepo.

"Umeliomba mara tatu," Breki akamwambia. "Limekupa zote kwa pamoja."

Tukafunga manne ya upana mmoja. Sitakuficha kitu: kwa hayo pia alizunguka, mara moja, mwanzoni, na tulirudia mara nyingi sawa kwa seti zote mbili. Lakini mkia ulianza kutembea mapema, polepole, akauhisi kiunoni, akalegeza usukani na gari likanyooka. Baada ya ile moja, kila mara alilirudisha. Kwa yale mapana alilirudisha nusu ya mara. Nilimuuliza ameona tofauti gani. Akasema, "Lile linanyamaza halafu linakasirika. Hili linanung'unika tangu mwanzo."

Mkeo akanivuta pembeni. "Wifi, mimi upana siujui. Nataka lile ambalo mtoto anarudi nalo."

Redio hakuwepo siku hiyo, ndiyo maana hukuipata habari hiyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwenye simu sijawahi kupata nafasi ya kulisema. Najua agizo lako halitokani na matairi. Linatokana na ile siku uliyotoka nje kwenye kona ndefu, ukaenda kugonga ukuta wa matairi makuukuu, tukakutoa kwa kukata mlango. Unaogopa binti yako asifike pale. Mimi pia naogopa. Lakini mdogo wangu, ile siku wewe ulikuwa ndani na mimi nilikuwa ukingoni, nami niliona ambacho wewe hukuweza kukiona. Magurudumu yako ya mbele yalikuwa yamekatwa yote kuelekea ndani ya kona, na gari lilikuwa linakwenda moja kwa moja kana kwamba hakuna aliyeshika usukani. Hukuwa mzembe. Uligeuza. Gari halikugeuka. Nyuma palikuwa na 255 na mbele 225, na yale ya mbele mabega yake yalikuwa yameisha tangu asubuhi.

Umeishi miaka yote hii ukidhani ulikosea mikono, na ukaona yale mapana ya nyuma ndiyo yaliyokuokoa usife. Sivyo nilivyoona mimi.

Jumamosi ijayo ni siku yake ya kwanza kuingia uwanja mkubwa na magari mengine. Wewe ndiye baba. Ukisema asiingie kabisa, nitamwambia mwenyewe, nitakaa naye akilia, na sitakulaumu mbele yake. Hilo ni neno lako na nitalisimamia. Lakini ukisema aingie kwa yale mapana ya nyuma, jibu langu ni hapana. Sitayafunga kwa mkono wangu, na katika karakana hii hakuna atakayeyafunga. Ukiona ni lazima, panda ndege uje uyafunge wewe, kisha ukae kiti cha pembeni yake akiwa anaingia kona ndefu.

Yeye hajui kwamba umekataza. Redio nimemwambia akimfikishia mtoto habari hiyo kabla yako, pikapu yake itapita mbele ya karakana yangu na pancha na hatutaiziba. Jana jioni nilimkuta binti yako ameketi chini kando ya gari, anafuta rimu moja moja kwa kitambaa. Akaniuliza kama baba yake atapiga simu Ijumaa kumtakia heri. Nimemwambia utapiga.

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Shemeji yako anakusalimu. Anakuomba usitaje pangaboi mbele ya wakwe. Mkeo atakuandikia yake. Mafundi wote wa karakana wanakusalimu, hasa yule wa balansi. Redio pia msalimie akikupigia, maana atakupigia kabla ya barua hii.

Mungu akulinde katika kazi zako, akupe usingizi mzuri, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, ambaye hata akikukasirikia hajaacha kukupenda.