Migomba ya Mama na Kompyuta Isiyo na Wakwe

Itumba, Ileje,
Mkoa wa Songwe.
11 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Sadoki,

Pokea salamu za baridi ya milimani. U mzima huko Ndola? Goti linaendeleaje, au bado unalisingizia ili usilime? Sisi tunapumua, ila moyo wangu umelala chini.

Migomba ya mama inakauka. Ile ile iliyotulisha mimi na wewe alipobaki mjane. Majani yananing'inia kama shati la mlevi, na ukikata shina linatoa utomvu wa njano. Nilikuwa nikijidanganya kuwa ni jua.

Mkwe wangu Gwalugano, mke wa mwanangu Asajile, ni mtafiti wa mazao pale Vwawa. Alichukua sampuli kwa wakulima, maabara ikasoma vinasaba ikamrudishia herufi, ndefu kuliko ukoo wa Abrahamu. Herufi hizo anaipa kompyuta itafute zinafanana na ugonjwa gani. Hakuna picha za kubofya; unaiandikia amri, mstari mmoja, nayo ina kiburi cha karani aliyeshiba.

Sampuli ya Zebedayo ikapita. Ya Fanueli ikapita. Yangu ikakataliwa, eti amri ina neno la ziada lisilojulikana. Akaifuta programu, akaiweka upya, akakagua vistari vya amri kimoja kimoja. Wapi. Nami nimeketi kando yake, nikamwambia labda imesikia habari zangu za ujana. Hakucheka, na mimi kicheko changu hakikututosha wawili.

Mwenzake Boazi ndiye aliyeona, kwa simu. Mafaili ya wenzangu yaliitwa kwa jina moja moja. Langu, kwa kuwa mkwe hatamki jina la baba mkwe wala haliandiki, aliliita Baba Mkwe. Kompyuta haina wakwe, Sadoki. Kwa ile nafasi katikati ya maneno, ilidhani faili ni Baba, na Mkwe ikamwona mgeni asiyealikwa.

Boazi akasema ayaunganishe maneno kwa kistari, au aandike jina langu tu. Binti akainamisha macho. Nikamwambia, "Sogea, mkwe wangu. Jina ni langu, acha nijishtaki mwenyewe." Akageukia ukutani, nami nikabonyeza herufi nne kwa kidole kimoja, kwenye faili na kwenye amri.

Ikakubali. Gwalugano akasoma, akasema taratibu, "Baba, ni mnyauko. Yote ing'olewe, na mizizi yake."

Nilikuwa nimeitukana kompyuta ilipokuwa ikikataa. Kumbe ilikuwa ikinihurumia.

Dawa hakuna. Niliomba tukungoje uje tuiage pamoja, lakini inaambukiza ya majirani. Jumatatu naanza kung'oa, na sijui mikono itakubali vipi. Ukija, usipitie upande ule.

Nisalimie shemeji Marita, na Faith umwambie babu mkubwa angali anamdai wimbo. Mungu awalinde ninyi na mlichopanda.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata usipojibu,
Osea