Ufa kwenye Baiskeli ya Kijani

Pen-y-Ffridd,
Blaenau Ffestiniog,
Wales.
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa Mama Mdogo Nest,

Pokea salamu zilizolowa kidogo, maana mvua haijakatika tangu Jumatano. Hujambo? Upepo wa huko Patagonia bado unaangusha watu kwenye baiskeli kama ulivyotuandikia Krismasi? Na wanafunzi wako wa Kiwelisi, wameshaweza kutamka ile herufi yetu bila kutemeana mate?

Sisi hapa tu wazima. Babu kifua kinambana asubuhi, lile vumbi la mawe halijamsahau, lakini akishakunywa chai huanza kugombana na redio, ndipo tunajua kumekucha. Mama amebadilishiwa zamu, kwa hiyo Jumapili anashinda nyumbani na tunakula chakula cha moto. Mdogo wangu Macsen amerefuka mpaka suruali zinamkimbia. Mimi nimetimiza miaka kumi na mitano na bado naona haya kununua mkate dukani ikiwa kuna mtu nyuma yangu kwenye foleni.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungeniona uso. Kuna jambo. Nitalifikia, ila usiniharakishe.

Unakumbuka zile Jumapili baada ya kanisa? Hata sketi ulikuwa hubadilishi. Uliipindua baiskeli ya kijani pale uani, magurudumu juu, ukanishika mkono na kuupitisha kwenye kila bomba, kila kiungo. "Usitazame, papasa," ulikuwa ukisema, "kama Babu anavyomsaka kondoo kupe." Nilikuwa na miaka minane. Mkono ulininuka grisi mpaka Jumanne na sikutaka kuunawa. Kisha ulinipakia mbele yako, juu ya bomba la juu lenye taulo, tukateremka hadi ziwani huku ukiimba kwa sauti mbaya. Nilikuwa nafumba macho kwenye kona. Nadhani ulijua, kwa sababu kila ukifika kwenye kona uliniambia kilichoko mbele: kondoo, dimbwi, kondoo mwingine.

Siku uliyoondoka uliniachia baiskeli na maneno mawili. La kwanza, isitundikwe ukutani kama picha ya marehemu. La pili, nisishuke Njia ya Ngazi, ile ya machimboni, nikiwa peke yangu. La kwanza nililitimiza. La pili ndilo barua hii.

Nilishuka peke yangu, Mama Mdogo. Ilikuwa Oktoba, siku uliyotimiza mwaka tangu uondoke. Sikutaka kushindana na mtu wala kujionyesha, nani angeniona kule? Nilitaka tu kwa dakika tano niwe kama nakufuata, kama gurudumu lako la nyuma liko palepale mbele yangu likinirushia tope. Kwenye ngazi ya nne tairi la mbele liliteleza. Mimi niliangukia majani. Baiskeli iliangukia ncha ya jiwe.

Bomba la chini lilibonyea, karibu na kichwa cha fremu, pale bomba lilipochomelewa. Mbonyeo wenyewe ungetosha kulaza yai dogo. Nilirudi nyumbani nikisukuma, nikachukua stika ya joka jekundu, nikaibandika juu. Kuanzia hapo kila aliyeniuliza mbona sipandi nilimwambia goti linauma. Goti halikuwa na kitu.

Ningeweza kukaa hivyo hata miaka, jinsi ninavyojijua. Lakini mwezi uliopita Macsen aliiomba kwa ajili ya mashindano ya watoto wa bondeni, yaliyofanyika jana Jumamosi. Nikamjibu sawa. Kukataa kungetaka sababu, na sababu ilikuwa chini ya joka.

Alhamisi aliipeleka uani kuiosha. Nikamsikia akipiga kelele.

"We Mabli! Joka lako limelalia shimo!"

"Shimo gani?"

"Njoo uone. Limetoka wapi hili?"

"Sijui."

Nilijibu hivyo, "Sijui." Nimeliandika hapa ili likutoke wewe mdomoni ukilisoma, maana mimi limenikwama kooni tangu Alhamisi.

Macsen alimwita Babu, na Babu akaja na patasi yake ya kupasulia mawe. Wewe ni mwanawe, unamjua: miaka thelathini na minane amegonga mabamba ya mawe ya kuezekea na kuyasikiliza, zima linalia, lenye ufa linajibu kama gogo bovu. Akainama, akagonga bomba kwa mpini. Likalia vizuri kabisa. Akagonga tena, shingo upande.

"Umesikia hiyo? Kengele ya kanisa! Panda, bwana mdogo."

"Mtaalamu kasema!" Macsen akarukaruka. "Mtaalamu kasema, Mabli!"

Mtaalamu wa mawe, nilisema, lakini nilisemea tumboni. Unajua shuleni nasoma sayansi kwa Kiingereza na historia kwa Kiwelisi. Siku ile nilinyamaza kwa lugha zote mbili.

Usiku huo sikula vizuri. Nilijaribu kujidanganya kwa hesabu. Bomba likibonyea katikati, bila kukunjamana, watu wengi huendelea kupanda na hawapatwi na neno, wewe mwenyewe uliniambia. Lakini ulisema pia kwamba karibu na kiungo ni habari nyingine, na kwamba chuma hupinda kwanza kikakuonya, ila alumini haiagi. Na fremu yako ni alumini. Nilikuwa najua hayo yote tangu Oktoba.

Ijumaa nilipotoka shule niliingia bandani peke yangu. Niliondoa stika, nikakwangua rangi kwa msasa mpaka alumini ikang'aa, kisha nikafanya ule ujanja ulionionyesha kwenye pedeli kuukuu, ule wa mafundi wa reli: nikapaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta yakakauka kabisa, nikapuliza unga wa chaki juu yake. Ikiwa hakuna ufa, chaki inabaki nyeupe; ukiwepo, mafuta yaliyouingia yanailowesha. Nikatoka nje kuhesabu kondoo walioko ng'ambo ya ukuta ili nisitazame. Nikawahesabu mara mbili. Kumi na tisa, halafu ishirini na mmoja.

Niliporudi kulikuwa na mstari. Mwembamba kama unywele, umelowa, urefu wa njiti ya kiberiti, umetoka ukingoni mwa mbonyeo unaelekea kwenye kiungo.

Nilimwita Babu na kumwambia kila kitu, nikitazama viatu vyake. Alivaa miwani. Alipitisha ukucha juu ya ule mstari, akaenda, akarudi.

"Jiwe ningelijua," akasema. "Nimelisikiliza hili kama jiwe." Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Oktoba."

"Na kesho kijana angeteremka nayo."

"Ndiyo, Babu."

Hakunigombeza. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kukohoa kwa muda mrefu, nami ningependa angenigombeza.

Macsen ndiye aliyenigombeza kwa niaba ya wote. Alisema mimi ni mwongo na mchoyo na nilitaka ashindwe. "Sasa nishindane na nini? Nipande kondoo?"

"Kondoo angalau ana breki," Babu akamjibu.

Nilidhani yameishia hapo. Jana asubuhi nikaingia bandani, baiskeli haipo. Nikatoka mbio na soksi. Macsen alikuwa langoni, helmeti kichwani, mguu mmoja kwenye pedeli, na unajua barabara yetu inavyodondoka kuanzia langoni. Alikuwa anajisemea, "Kaufa kenyewe kama unywele."

Nilipiga kelele. Mimi! "Shuka! Shuka, mwendawazimu we! Itakatika ikuue!" Mpaka leo sijui nilipiga kwa lugha ipi. Mapazia matatu yalifunguka, na mzee wa nyumba ya pili akatoka na brashi ya kunyolea. Macsen alishuka taratibu, macho yamemtoka.

"Hujawahi kunipigia kelele," akasema. Ninaamini kilichomtisha ni hiyo sauti, ufa haukumtisha hata kidogo.

Niliirudisha bandani nikachukua msumeno wa chuma. Babu alinikuta nimeshaibana fremu kwenye jiliwa. Akasema tusubiri, tukuandikie kwanza, baiskeli ni ya Nest. Nikamwambia barua inachukua wiki tatu na Macsen anachukua dakika moja. Na hata tukiitupa, mtu ataiokota, ataipaka rangi, atampa mtoto wake. Babu akanitazama kidogo, halafu akaenda kushika upande wa pili ili isitetemeke.

Kwa hiyo nimeikata, Mama Mdogo. Mimi, kwa mkono wangu. Bomba lilipoachia, yalitoka maji ya kahawia, kama kijiko kimoja, yenye harufu ya tope la mlimani. Sijui yaliingia lini. Ningependa yawe ya enzi zetu. Ndani ufa ulikuwa mrefu kuliko nje, umeshazunguka karibu nusu ya bomba.

Magurudumu, usukani, uma wa mbele na breki ni vizima, nimevikagua kimoja kimoja. Viko ndani ya sanduku chini ya ngazi na nimeandika jina lako juu. Nilifikiri kuandika majina yetu mawili, nikaona sina haki hiyo bado.

Babu anakusalimu na kusema ukirudi utamkuta palepale. Mama anakubusu, na anauliza kama unavaa sweta. Macsen amekataa kukusalimu. Alishindana kwa baiskeli ya rafiki yake, akawa wa kumi na nne, ila aliposikia nakuandikia alipita nyuma ya kiti changu akasema, "Mwambie ya kwake ilikuwa inateremka vizuri kuliko zote." Kwa Macsen hiyo ni salamu.

Mungu akulinde huko kwenye upepo, akurudishe ungali na meno yote.

Ukinuna nitaelewa. Lakini kabla hujanuna, angalia ndani ya bahasha: nimekuwekea kipande cha bomba, upana wa vidole viwili, bado kina rangi ya kijani upande mmoja. Nimekisugua kingo zisikukate. Fumba macho kama nilivyokuwa nikifumba mimi kwenye kona. Usikitazame. Papasa.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukininyamazia,
Mabli