Maji Moto ya Jikoni kwa Wifi Yangu

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Jua bado ni kali na duka nimelifunga mapema.

Sikulifunga kwa sababu ya joto. Joto la Garissa nimezaliwa nalo. Nimelifunga kwa sababu nina aibu, na sikutaka mteja yeyote aniulize kama niko sawa.

Niseme ukweli tu, maana kwenye blogu hii mnanisoma watu kumi na mmoja na mmoja wenu ni mimi mwenyewe. Nina wivu. Namwonea wivu Zubeda, mke wa kaka yangu, tangu mama yetu alipoanza kuugua sukari akahamia kwao mtaa wa Waberi. Binti ni mimi. Nina chumba kitupu, nimekipaka rangi, nimenunua godoro jipya. Kila wiki namwambia Hooyo, ndivyo Wasomali tunavyomwita mama, aje tukae wote, na kila wiki ananijibu inshallah kwa ile sauti ya kuahirisha mambo.

Zubeda si hata Msomali. Ni mtu wa Hola. Mama yangu, ambaye miaka yote alikuwa akinivuta sokoni nikamsemee Kiswahili, sasa anakisema mwenyewe, cha kuokoteza, ili apige soga na mkaza mwanawe. Tena anamwita "hooyo", neno ambalo mama wa Kisomali humrudishia mwanawe kwa mapenzi, vile vile anavyoniita mimi. Siku ya kwanza kulisikia nilitoka nje nikasingizia vumbi.

Halafu kuna mambo ya mfereji. Mimi nauza vifaa vya mabomba, mji mzima unajua. Zubeda alipotengeneza jiko lake alinunua miksa, ule mfereji wa mkono mmoja unaochanganya maji moto na baridi, katika duka la watu wengine. Sijasahau.

Kwa hivyo asubuhi Hooyo aliponipigia simu kulalamika kwamba maji moto ya jikoni yanatoka kama uzi, na Zubeda kila siku anasema fundi atakuja na fundi haji, nilifurahi.

Nilifurahi sana.

Nilichukua spana, bisibisi na chupa ya siki nikaenda. Zubeda alikuwa ametoka kununua mboga. Hooyo alikaa kwenye kiti cha plastiki jikoni, pale anapotilia udhu, akinitazama kwa fahari. Nilijaribu upande wa baridi, maji yakaja kwa nguvu. Nikageuza mkono upande wa moto, yakaja machozi. Kwa kazi yangu hilo linatosha kujua kwamba mdomo wa mfereji haujaziba, maana ungeziba pande zote mbili zingedhoofika. Lakini niliufungua hata hivyo. Nilitaka kukuta uchafu. Nikakuta chumvi kidogo ya maji ya kisima kwenye kichujio, nikailoweka kwenye siki, nikaguna kwa sauti ili Hooyo asikie.

Nikainama chini ya sinki. Paipu zilikuwa nzima. Vali ya maji moto ilikuwa imefungwa, imebakizwa upenyo mdogo tu.

Basi! Hakuna cha fundi. Kugeuza mkono mara moja tu, na mwenye nyumba ameshindwa. Niliifungua yote. Maji yakaruka kutoka kwenye mfereji yakifuka mvuke, na Hooyo akasema mashallah. Nikavimba kichwa. Nikamwambia kwa Kisomali kwamba katika nyumba hii hakuna hata mtu wa kuchungulia chini ya sinki, na kwamba Jumamosi nakuja na gari kumchukua. Alikuwa ameshainuka na kusogeza birika lake la udhu chini ya mfereji.

Hapo ndipo Zubeda alipoingia. Aliona mvuke, akatupa mfuko wa mboga, akamshika Hooyo kifundo cha mkono na kuuvuta, kisha akafunga maji. Hakunisalimia. Aliinama chini ya sinki akairudisha vali pale pale ilipokuwa.

"Wifi, nisamehe, ningekwambia," alininong'oneza akihema. "Hii sola ya kupashia maji huko juu ya paa, kiangazi hiki maji yake yanachemka. Na vidole vya mama, kwa hii sukari, havisikii tena moto. Nimebana vali ili akiweka mkono wa mfereji katikati yatoke vuguvugu. Sikumwambia yeye, namtajia fundi tu, asije akajiona mtoto."

Akakifunua kiganja cha Hooyo. Kulikuwa na baka la waridi, ngozi mpya, kubwa kama kifuniko cha birika la chai. Lilikuwa limeshapona. Kwa hivyo limekuwapo kwa wiki kadhaa, na mimi nimekaa na mama yangu kila Ijumaa, nimemshika mkono huo huo, nimeubusu, na sikuwahi kuugeuza.

Mngedhani kitu cha kwanza nilichohisi ni hofu, au shukrani. Hapana. Ulikuwa wivu ule ule, mkali kuliko wa asubuhi. Anaijua mikono ya mama yangu na mimi siijui.

Nikamuuliza Hooyo kwa Kisomali kwa nini hakuniambia kwamba ameungua. Alimtazama Zubeda, akanitazama mimi, na akajibu kwa Kiswahili ili sote wawili tusikie.

"Mimi nikikwambia, hooyo, wewe nakuja kunichukua. Mimi hapa nakaa fizuri."

Mama yangu alificha jeraha ili nisimpeleke kwangu.

Zubeda aliniwekea chai nikainywa bila kuitaka. Hakunisuta hata kidogo, na hilo pia liliniudhi. Aliponisindikiza mlangoni nilitaka kusema asante, nikasema mboga zake zimechafuka.

Tangu saa nane nimekaa hapa nyuma ya meza najitetea. Ningemtunza vizuri. Ningempenda. Ni kweli. Lakini ningemfungulia maji yale kila asubuhi na kujisifu.

Godoro nitampa jirani. Kesho nitampigia simu Zubeda, si Hooyo, nimuulize mama yangu hunywa dawa zake saa ngapi.