Maji Yale Hayakutoka Kwenye Mpira

Maduhu mwanangu,

Mwangaluka, ingawa sijui kama huko uliko kuna asubuhi. Ninaandika nikiwa nimelala ubavu, karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga, kwa sababu mkono wangu hauwezi tena kazi bila kuegemea kitu. Daktari alimwambia mkeo Milembe, nje ya mlango, kwamba moyo wangu umechoka na hakuna dawa ya kuongeza. Alidhani sisikii. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, masikio yangu yalishazoea wanaonong'ona nyuma ya darasa.

Kwa hiyo nikuambie sasa. Nilikuwa nimeamua kungoja mpaka tuonane, lakini kuna jambo limetokea hapa nyumbani ambalo halikungoja. Nitalifikia.

Bustani yako haikumwagiliwa na mpira. Niliimwagilia mimi, kwa kopo.

Pumzika hapo kidogo, baba. Na mimi napumzika.

Unakumbuka ulivyorudi ulipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ushirika ulikuwa umeishiwa, wanunuzi binafsi wameingia vijijini na mizani zao, na redio ilikuwa ikisema soko huria litatuletea neema. Labda kuna iliowafikia. Kwako lilileta kukaa kwenye kigoda kutwa nzima ukitazama zizi. Milembe alikuwekea michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando asubuhi, jioni akaviondoa kama vilivyo. Niliogopa, Maduhu. Baba yako alianza kunyamaza hivyohivyo mwaka aliotutoka.

Halafu siku moja ukaja kutoka mjini na mpira mweusi umeuviringisha begani. Maduka ya Bariadi yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na wewe katika vyote ulichagua mpira. Ukanieleza kwamba ulipotumwa Mwanza kikazi uliona bustani inamwagiliwa tone kwa tone, maji yanakwenda kwenye shina tu na hakuna kinachopotea. Ulipasha sindano yangu ya kushonea kwenye mkaa, ukatoboa mpira, tundu na tundu umbali wa shubiri. Pipa ukalipandisha juu ya mawe. Mpira ukaulaza juu ya matuta ya nyanya, mchicha na figiri, na ncha zake ukazikunja na kuzifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

Watu walicheka. Mzee Shija, jirani yetu, alisimamisha ng'ombe wake njiani akauliza kama mimea yako imelazwa, maana anaona umeitundikia dripu. Tangu siku ile akawa kila akipita anauliza, “Wagonjwa wameamkaje?” Na asubuhi moja ukamjibu, “Wawili wameomba uji.” Nilikuwa jikoni. Niliposikia jibu lile nililia juu ya sufuria, maana hukuwa umemtania mtu tangu urudi nyumbani.

Ukapata na kibarua cha kupakia pamba kwa mnunuzi mmoja. Asubuhi ulibeba madumu kwa baiskeli kutoka mtoni, ukajaza pipa, ukafungua koki, ukaenda zako. Milembe alishinda shambani akichuma. Nyumbani nilibaki mimi.

Mchana mmoja nilitoka kuanika mboga nikaona nyanya zimelegeza majani. Pipa lilikuwa limejaa kama ulivyoliacha. Koki ilikuwa wazi. Nikainama na miwani yangu nikatazama matundu, yote makavu. Nikachukua kopo, nikachota kwenye pipa, nikamimina shina kwa shina mpaka pipa likaisha. Nilikusudia kukuambia jioni. Kweli nilikusudia.

Jioni uliiacha baiskeli ianguke, ukaenda moja kwa moja kwenye pipa. Ukaligonga, likalia tupu. Ukaingiza kidole kwenye udongo. Ukaniita, “Mayu, njoo uone. Imekunywa yenyewe.” Ukacheka kile kicheko chako cha utotoni, cha kupitia puani.

Nikasema, “Naona, baba.”

Usiku ule ulikula ukaomba uongezewe. Kesho yake nikachota tena.

Nilijiambia nitakuambia nyanya zikianza kuiva. Zilipoiva nikajiambia ngoja kwanza auze. Mgongo ukawa unaniuma, wewe ukanisugua kwa mafuta huku ukinigombeza kwamba ninafagia sana uwanja kwa umri wangu. Nilinyamaza nikisuguliwa. Watu wakaanza kuja kutazama, na wewe ukawa unawatembeza kati ya matuta ukieleza kama mimi nilivyokuwa nikieleza ubaoni. Hata Mzee Shija alikuja, safari hiyo bila ng'ombe, akauliza kwa sauti ya chini mpira ule unauzwa duka gani.

Ningekuaibishaje mbele yao? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza, nikajiona nina huruma.

Ndipo ukaamua kuongeza matuta. Ulisema mpira haujakosea hata siku moja, kinachopungua ni maji, na vile vishimo vya mchangani mtoni ulikokuwa ukichota havitoshi. Utachimba shimo refu zaidi, chini ya ukingo. Nilikuwa napepeta mchele. Ningeweza kusema palepale. Mdomo ulifunguka, Maduhu, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikakuuliza utarudi kula saa ngapi.

Walikuja kuniita wakiwa na mchanga kwenye nywele. Ukingo wote ulikuwa umeshuka.

Siwezi kuandika sehemu hiyo. Nimejaribu, nimefuta.

Baada ya matanga, watu walipoondoka, nilijaza pipa kidogo kidogo, nikaenda kufungua ncha moja uliyokuwa umeikunja. Likatoka tope jembamba kama uji wa mtoto. Kisha maji yakaanza kutembea, na nilipoifunga tena, matundu yakadondosha. Lilikuwa tope la mtoni tu. Kitambaa mdomoni mwa pipa, na kufungua zile ncha kila baada ya siku chache, basi. Ungeligundua kabla chai haijapoa. Ungekasirika kidogo, ungetukana mpira, ungeutengeneza, na ungekuwa hai na bustani yako ndogo iliyokutosha.

Hilo ndilo linaloniumiza kuliko moyo huu mbovu. Nilikuona dhaifu kuliko ulivyokuwa. Nilidhani habari mbaya moja zaidi itakuvunja, na sikukupa nafasi ya kunionyesha kwamba haikuvunji. Nikauviringisha mpira, nikaupandisha darini, nikanyamaza miaka yote hii.

Sasa hilo jambo la nyumbani. Kiwanda kimeuzwa kwa mtu binafsi, kinanguruma tena, na wenzako wa zamani hawakuitwa. Bei ya pamba inapanda na kushuka bila mtu kuelewa. Binti yenu amekuwa mrefu, anatembea kama wewe, bega moja mbele. Milembe akafikiri bustani itawasaidia, akaushusha mpira. Kaka yake akaja kutoka Zagayu na sululu na kamba. Nilikuwa hapa kitandani, nikawasikia dirishani wakipanga. Milembe alikuwa akisema mpira wa Maduhu ulifanya kazi mpaka siku ya mwisho, maji ndiyo yaliyokosekana, kwa hiyo wachimbe palepale ukingoni.

Nikamwita. Sauti haikutoka vizuri, nikagonga kitanda kwa kikombe mpaka akaja.

Nilimwambia yote, kopo, pipa, tope, na lile swali langu la chakula. Hakulia. Alikaa akitazama mikono yangu. Kisha akasema, “Nimekuwa nikiuchukia mchanga, mayu. Miaka yote nimeuchukia mchanga.” Akatoka nje.

Nikamsikia akimwambia kaka yake afunge sululu kwenye baiskeli, hakuna kuchimba. Kaka akauliza kwa nini. Hakumwambia habari zangu.

Hiyo ilikuwa jana. Leo asubuhi amenigeuza kitandani, amenifuta mgongo, amenilisha uji. Hajanitazama usoni. Ana haki, na sitamwomba anitazame. Saa hii yuko nje kwenye matuta na binti yenu. Nasikia maji yakimwagwa kwenye pipa polepole, kama yanapita kwenye kitambaa. Zaidi ya hapo sijui, na sijathubutu kuuliza.

Mkono unagoma. Kwaheri, Maduhu, kwa hizi siku chache zilizobaki. Msamaha sikuombi kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haitanionyesha uso wako. Nitakuja mwenyewe. Na huko, ukinionyesha kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, nami nikaona hakifanyi kazi, nitakuambia hakifanyi kazi. Kisha nitakaa chini kando yako nikuangalie ukikirekebisha.

Mayu wako