Tata, Mbwa Wako Bado Anavuta

Tata,

Mbwa wako bado anavuta. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo swali lako la kwanza, kabla hujauliza habari za Mama, kabla ya wajukuu, kabla hata ya kuuliza kama jirani amerudisha nyundo yako. (Hajarudisha.) Kapita ni mzima, anakula bukari kumshinda mkwe wako, na akiona mtu ameshika kamba anaanza kulia kwa furaha hadi mtaa wote unajua kwamba tunatoka.

Mama naye ni mzima. Siku za kwanza baada ya kukuzika alikaa kimya sana, tukaogopa. Kisha asubuhi moja akajifunga kitenge, akachukua kamba ya Kapita msumarini, akasema yeye ndiye atakayemtembeza, maana mbwa naye amefiwa, hawezi kufungiwa uani. Tukafurahi. Alirudi kitenge kimechanika na goti linatoka damu. Kapita alikuwa amemburuta toka mlangoni hadi kwa wauza mikate, naye hakuachia kamba. Alicheka mwenyewe, Tata. Mara ya kwanza tangu uondoke, alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake akatoka tena, akaanguka tena.

Hapo ndipo Mjomba Anaclet, kaka yake Mama, alipoingilia. Alikuja kutusalimu, akaliona lile goti, basi. "Ile imbwa itamuvunja dada yangu. Mi nitaipeleka kwangu Tenke, ilinde depo." Akasema mwisho wa mwezi atakuja na pikapu kumchukua. Mama alienda tu kuosha sahani ya Kapita, sahani ambayo ilikuwa safi tayari. Nilipomwona anaiosha nikamwambia Mjomba asiwe na haraka, mimi nashona maturubai ya malori, siwezi kushindwa na mbwa. Nilijigamba tu, sikuwa na mpango wowote. Lakini bila Kapita, asubuhi Mama angebaki na nani kwenye nyumba ile? Sisi wote tuna kazi zetu na nyumba zetu.

Nikaanza na mkanda wa shingoni, ule uliomkatia kutoka kwenye mshipi wako wa ngozi. Ni mzuri, ila akivuta unamkaba. Anakohoa, macho yanamtoka, na bado anavuta. Nikaenda sokoni kutafuta mwingine. Muuzaji mmoja akanitolea mnyororo, kisha akatoa mkanda wenye meno ya chuma yanayoangalia ndani, akanihakikishia: "Na hii, mama, imbwa itakuwa nakusikia." Nikabonyeza yale meno kwenye mkono wangu mwenyewe, nikamrudishia. Wewe ulikuwa unamtoa Kapita kupe kwa vidole huku ukimwomba msamaha, mimi nije nimvalishe misumari?

Nikaamua kumshonea mkanda wa kifua. Vitu vyote ninavyo: mikanda mipana ya kufungia mizigo ambayo madereva huniachia ikishachakaa, sponji ya viti ya kuweka kwa ndani isimchubue, na pete za chuma za maturubai. Sikujua kitu kimoja tu, pete ya kamba ikae wapi. Mume wangu Jean, unajua anafanya kazi juu ya mapaa kiwandani, akaleta mkanda wake wa usalama akautandaza mezani tuuige. Pete yake iko mgongoni. "Kwa mugongo njo inashika muzuri," akasema, kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuning'inia asife. Nikashona vile vile. Ulipendeza, Tata. Kolwezi nzima hakuna mbwa aliyevaa hivyo.

Hatukufikiri hata kidogo kwamba mkanda wa Jean umeshonwa kumshika mtu anayeanguka, na Kapita haanguki, anakwenda mbele. Koo lake sasa lilikuwa huru, uzito wote ameuweka kifuani, basi akapata raha ya kuvuta ambayo hajawahi kuipata maishani. Alinipitisha mbele ya kanisa wakati waimbaji wanatoka mazoezini, nami si mwepesi, unanijua. Mmoja akapaza sauti: "Odette! Unamutembeza, ao ye njo anakutembeza?" Sikumjibu, nilikuwa nimeshapita.

Sasa sikia jambo lililonikalisha chini. Tulipofika kwenye kile kilima baada ya reli, ulipokuwa unapandia kwenda kwa wenzako wa kucheza dama, Kapita alisimama. Aligeuka akanitazama. Akangoja mpaka nikashika kamba kwa mikono miwili, kisha akaanza kupanda polepole, anavuta sawasawa, bila kunishtua. Katikati akasimama ili nipumzike, ingawa sikuwa nimechoka. Mama Régine, yule anayeuza karanga pale juu, alikuwa akituangalia. Akasema tu: "Eko natumika kazi ya tata yako. Bila ye, muzee hakukuwa napanda huu mulima."

Nilikaa kwenye kibao chake. Kumbe kifua chako kilikuwa kimeharibika kiasi hicho. Nyumbani ulituambia unamtembeza mbwa kwa sababu mbwa asipotembea anaharibika tabia, na sisi tukakuamini, tukakusifu mbele za watu kwamba una nguvu za kijana. Na ni yeye aliyekuwa akikupandisha kila asubuhi! Tulimwita mkaidi, kumbe alikuwa anafanya kile ulichomfundisha, akimfanyia kila anayeshika kamba. Nililia pale, Tata. Kisha nikacheka, maana nilikuona kabisa, umevaa kofia yako, unavutwa, na bado unawasalimia watu kwa heshima zote. Mama Régine akanipa karanga, nyingine nikampa Kapita.

Jioni ile ile nikafumua pete ya mgongoni, nikaishona kifuani. Sasa akivuta, kamba inamgeuza upande, anajikuta anamtazama aliyemshika. Anashangaa. Mama, niliyemrudishia kamba, anasimama tu, kamba ikilegea anampa karanga moja, wanaendelea. Mwanzoni walimaliza asubuhi nzima kabla ya kufika bombani. Mkanda ukamchubua kwapani, nikaupunguza, nikaongeza sponji. Usidhani kwamba ameacha kuvuta. Ila Mama haanguki tena.

Mwisho wa mwezi Mjomba akaja kweli, na pikapu, na kamba nene. Mama alimvalisha Kapita mkanda, akatoka naye hadi bombani na kurudi, kamba imelegea, isipokuwa pale palipopita kuku wa jirani. Hapo nilifumba macho. Nilipofumbua, Kapita alikuwa amegeuzwa, anamtazama Mama kwa aibu, na kuku anaenda zake. Mjomba alicheka sana. Akala bukari na samaki, akarudi Tenke na gari tupu.

Alipoondoka nikamweleza Mama habari ya kile kilima. Nilidhani nitamshtua. Alikuwa akichambua majani ya sombe, hakuinua hata macho. "Mi nilijua. Miye njo nilikuwa namupakala mafuta kwa mikono, kamba ilikuwa namuchubula." Wewe ulimwambia ni jembe lililokuchubua mikono, naye akakuacha useme jembe, mkaishi hivyo miaka yote. Halafu akaniomba niongeze pete nyingine mgongoni, bila kuondoa ile ya kifuani. Magoti yake, akasema, nayo yameanza kukataa mlima.

Basi mkanda una pete mbili. Barabarani kamba iko kifuani na Kapita anajifunza ustaarabu. Chini ya kilima Mama anainama, anahamishia kamba mgongoni, na Kapita anasimama wima akingoja amri. Huko juu Mama amekalia kiti chako, anajifunza dama, na wenzako wanalalamika kwamba haheshimu wazee anapokula kete zao.

Pumzika vizuri, Tata. Usiwe na wasiwasi, Kapita haendi Tenke wala popote. Ameanza kuota mvi mdomoni, nimeziona juzi nilipokuwa nampima mkanda. Nakuahidi jambo moja: siku mlima utakapomshinda, nitamvuta mimi.

Mtoto wako,
Odette