Kiti cha Rukia

Jumatatu, 7 Oktoba 1968

Chai, basi, karakana. Wiki ya sita hapa Stratford, London, na bado napiga msasa miguu ya viti. Miguu tu. Kiti kizima sijakigusa. Nyapara wetu, Len, ananiita Joe. Nimemwambia mara mbili kwamba mimi ni Yusufu. Haya, Joe na iwe Joe.

Mikono inafanya kazi yenyewe. Mimi sipo.

Jioni Safia kaniuliza kwa Kiingereza kama nimezoea. Nimemjibu ndiyo. Ana mimba ya miezi saba, mtu hamtii mawazo binti yake katika hali hiyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Daftari hili ni la vipimo. Nimekuja nalo kutoka Mombasa ndani ya koti, kwa sababu sanduku la vyombo lilikuwa zito na likabaki. Kurasa za mbele zina watu. Jina, kisha shibiri zao. Sisi Wakachi wa karakana yetu hatukupima kiti, tulimpima mkaaji. Baba alinifunza hivyo, na babu alimfunza yeye. Futi ya chuma nilikuwa nayo kwa ajili ya makabati na milango.

Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Basi naandika. Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Bara Hindi, nakisema tu, kazi nimeiandika kwa Kiswahili maisha yangu yote. Mkwe wangu husoma habari za mpira. Safia hasomi ya watu.

Ukurasa wa mke wangu, Rukia, sijaufungua tangu tumzike.

Alhamisi, 17 Oktoba

Fundi mmoja kavunjika kifundo cha mguu. Len akanipa patasi aone. Nikamkatia kiungo bila msumari, bila gundi. Alikivuta, akakipindua, akapiga mluzi. Kesho nahamia benchi la dirishani.

Kanipeleka ofisini kunionyesha picha zake za ukutani. Wachoraji wakubwa wa viti. Wadenmarki kadhaa, Mfini mmoja, Waamerika mtu na mkewe. Huyu alipinda mbao nyembamba kwa mvuke, yule aliweka miguu ya chuma, yule mwingine kiti chake kina mguu mmoja kama uyoga. Len anawataja kama watu wanavyotaja mashehe wao. Nimetazama. Kazi safi, siwezi kusema uongo. Ila kila kiti nilimuuliza Len ni cha nani. Cha mtu yeyote, alisema.

Mtu yeyote sijawahi kumpima.

Jumatatu, 21 Oktoba

Leo nimeletewa mchoro. Viti kumi na viwili, vya maonyesho. Mchoraji mwenyewe atakuja Novemba, na watu wa magazeti. Len alikuwa akitetemeka kwa furaha.

Nimeutandaza mchoro benchini. Mkono wa kushoto umeshuka vidole viwili. Mbele yake una kirungu cha kushikia. Mgongo umeegemea kushoto kidogo sana, mpaka uwe na jicho ndipo uone.

Nimeukunja. Nimekwenda chooni nikasimama. Sikuhisi kitu. Nikarudi kazini.

Jumanne, 22 Oktoba

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajiongezea.

Rukia alianguka mtini akiwa mtoto, nyonga yake ya kulia haikupona. Akikaa analalia kushoto. Akiinuka anajisukuma kwa mkono wa kushoto, na bega hilo lilikuwa chini kuliko lenzake. Mwaka tuliooana nilimpima, nikamfanyia kiti cha mvule. Nikaushusha mkono wa kushoto. Nikamwachia kirungu cha kushika akiinuka. Alisema sasa hata mgeni akija, yeye atasimama kama malkia.

Miaka kumi na minne iliyopita alikuja Mdenmarki kutafuta samani za hoteli ya pwani. Nikamkaribisha nyumbani. Rukia akampisha kitini kwake, mgeni ni mgeni, akampa mahamri na mbaazi. Mdenmarki alikaa, akainuka, akakizunguka. Akatoa futi na kalamu. Nami nikamshikia ncha ya futi. Mimi mwenyewe, nikicheka.

Kwa hiyo siwezi kusema kaiba. Hakuuliza tu kwa nini mkono umeshuka. Na mimi sikumwambia.

Kiti chenyewe kiko kwa Bi Mwanaisha, jirani yetu. Hakikuingia katika ndege.

Ijumaa, 25 Oktoba

Len kanipa kitabu cha picha cha kampuni. Nimempa Safia anisomee. Alifungua, akakodoa macho.

"Hiki ni cha Mama," alisema. Kwa Kiswahili. Sijamsikia akisema Kiswahili tangu tufike.

Kisha akasoma. Kwamba mchoraji amevunja sheria ya kulingana. Kwamba mkono mmoja kushuka ni uhuru wa mtu wa leo. Kwamba wachoraji wa nchi tatu wamemfuata, na viti vya namna hiyo vimewekwa katika jumba la makumbusho. Alisoma mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Please, Baba, usiseme kitu. Barua ya kazi bado hatujaipata."

Mwenye nyumba ya vyumba viwili anataka barua kutoka kwa Len kwamba nina kazi ya kudumu. Len kasema ataiandika viti vya maonyesho vikiisha. Tuko watatu katika chumba kimoja na pazia katikati, na wa nne yuko njiani. Mumewe analala mchana kwa sababu ya zamu za reli, Safia anapika kwa kunyata.

Nimemwambia sitasema. Na kweli sitasema. Nina nini cha kusema?

Jumatano, 30 Oktoba

Miguu na migongo tayari. Mikono nafanya mwisho.

Leo nimeshika ubao wa mkono wa kushoto wa kwanza. Nimepiga mstari kufuata mchoro. Nimeweka msumeno. Mkono haukwenda. Si kwamba nilikuwa na hasira, hasira ningeijua. Niliona tu atakayekaa. Mtu wa magazeti, mzima wa nyonga zote mbili, anaegemea pale alipokuwa akiegemea Rukia, na bega lake halifiki.

Nimefuta mstari. Nimekata sawa na wa kulia. Bila kirungu.

Mmoja tu, nilijiambia. Kesho nitaufanya upya.

Alhamisi, 31 Oktoba

Sikuufanya upya. Nimekata wa pili, sawasawa.

Ijumaa, 8 Novemba

Mikono yote ishirini na minne iko tayari chini ya turubai. Len kakagua viungo vya miguu, kanipigapiga begani. Nikamwambia mikono nitaifunga siku ya mwisho ili isichubuke. Akakubali. Ananiamini. Hilo ndilo lililonikera leo kuliko yote. Len hana kosa.

Safia kanunua pazia la dirisha la vyumba ambavyo hatujavipata. Maua ya manjano. Kalikunja, kaliweka chini ya kitanda.

Bado naweza kuikata upya. Siku tatu zatosha. Najua nitakwenda Jumatatu na nitaipiga msasa vile vile ilivyo. Baba alikuwa na neno lake: mkono ulio juu waweza kushushwa, ulioshushwa haurudi. Alilisema kuhusu mbao. Alikuwa hasemi kuhusu kitu kingine.

Alhamisi, 14 Novemba

Amekuja yule Mdenmarki. Kazeeka, nywele nyeupe, koti zuri. Hakunijua. Watu wa magazeti walikuwa wanne, mmoja na kamera.

Len akaondoa shuka. Kwanza hakuna aliyeona kitu. Viti kumi na viwili vimepangwa safu, vinang'aa. Mchoraji akachagua cha katikati, akakaa kwa ajili ya picha. Kiwiko cha kushoto kikakuta ubao kabla ya wakati wake. Akatazama chini. Kiganja kikatafuta kirungu.

Len akawa mweupe kama chokaa. Akaja na mchoro mkononi, akahesabu viti kwa kidole, vyote. Akauliza nani. Nikasema mimi.

Mchoraji hakufoka. Aliniuliza kwa nini nimeunyanyua mkono.

Nikamuuliza kwa nini yeye aliushusha.

Alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. "Niliupenda tu," alisema.

Nikamwambia Mombasa, nyumba yetu, mke wangu. Akafunga macho. Akasema anakumbuka kulikuwa na maandazi ya iliki, matamu sana, hajawahi kula mfano wake. Nikamuuliza kama anamkumbuka aliyemwinukia kitini. Hakumkumbuka. Aliona aibu, nilimwona. Akasema pole. Nikasema asante. Mpiga picha alikuwa anabadilisha filamu.

Nikamwambia kwamba mke wangu alikuwa na nyonga mbovu, ndiyo sababu. Hakuna sababu nyingine. Akaandika katika kijitabu. Sijui aliandika nini.

Ijumaa, 15 Novemba

Len kanifukuza. Alisema hajapata fundi kama mimi na kwamba hana njia. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia usijali, Len, mimi pia ningekufukuza. Barua, sikuiulizia.

Viti kumi na kimoja vitavunjwa, mbao zitumike. Kimoja kanipa. "Chukua, Yusufu," alisema. Sasa ndiyo kalijua jina.

Kondakta wa basi kakikataa. Nimekibeba kichwani kutoka Stratford mpaka nyumbani, Forest Gate. Watu walikuwa wakinitazama. Mama mmoja kavuka barabara. Kituoni nilikiteremsha nikakaa, nikapumzika, nikanyanyuka. Kiti kizuri. Si cha mtu.

Nimemwambia Safia mlangoni, kiti kikiwa bado kichwani. Akanipisha. Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Vyumba kapewa mtu mwingine. Safia kalitoa pazia chini ya kitanda, kakata vitambaa vya mtoto. Mkasi wake ulikuwa unasikika nyumba nzima.

Mchana akasema, bila kunitazama, "Ungeniambia mimi kwanza, Baba."

Kweli. Ningemwambia. Nimemkosea mwanangu na sina cha kujitetea. Mkwe wangu alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akarudi kulala. Kijana ana moyo mzuri.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi Safia alikaa katika kiti, hakukuwa na pengine pa kukaa. Akakaa muda. Alipotaka kuinuka ilimshinda. Tumbo lilimvuta. Alijisukuma kwa mkono wa kulia, ubao ukawa juu mno kwa bega lake, akarudi chini. Akacheka kidogo. Kisha akalia, mikono imelala mapajani. Nikamwacha alie. Mimi machozi hayakuja.

Nikamwambia, "Usiinuke." Nikapiga goti nikampima. Mkono wangu ulikuwa baridi, akashtuka. Akaniuliza kama ndivyo nilivyompima Mama. Nikamwambia ndivyo.

Msumeno nimeuazima kwa jirani wa chini. Butu, lakini utakata.

Nimeufungua ukurasa wa Rukia. Wino umefifia kidogo, vipimo vinasomeka. Ukurasa unaofuata ulikuwa mweupe.

Safia binti Yusufu.
Goti hadi sakafu: shibiri mbili kasoro vidole viwili.
Nyonga kwa nyonga: shibiri mbili na vidole vitatu, kwa sasa.
Mkono wa kushoto: ubaki.
Mkono wa kulia: kushusha vidole viwili. Kirungu mbele, cha kushika akiinuka.