Sauti ya Jambazi pale Kiwanda cha Bia

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mumeo na wajukuu zangu wanakula vizuri? Mimi ni chuma, kutu sijui. Unauliza kwa nini sishiki simu. Imeingia maji, basi. Ndiyo maana nakuandikia, na mwandiko ndio huo wa mtu aliyeacha shule kabla shule haijamzoea.

Sasa sikia. Ile chemsha bongo ninayoiuliza Ijumaa jioni, kwenye baa ya pale kiwanda cha bia, siku hizi watu wanakaa mpaka juu ya mapipa. Zamani zilijaa meza nne tu, tena watu wakipiga miayo. Mwaka jana sauti yangu ikakauka kidogo, na mada ilikuwa majambazi wa sinema. Sikuificha. Nikauliza maswali yote kama jambazi mkuu. Walicheka mpaka wakamwaga bia. Mpishi wa bia akasema mada hiyo isibadilishwe, na haijabadilishwa mpaka leo. Nimekuwa nyota uzeeni, mama. Waliosoma wananiogopa.

Baba yako, Mzee wa Maiki

19 Machi

Shikamoo baba,

Sisi wazima, watoto wanakusalimia.

Simu yako haijaingia maji. Nilimpigia mpishi wa bia, akasema juzi tu alikuona umeishika. Akakusifia, akanisikilizisha kipande alichokurekodi. Baba, nilikaa chini sakafuni. Huigizi. Hiyo ndiyo sauti yako siku hizi?

Nimeongea na hospitali ya hapo kwenu. Wamekupa nafasi Ijumaa, tarehe 2 Aprili, saa tisa mchana. Nenda, hata ukininunia.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Salamu zimefika, na kofi lililokuwa ndani yake nimelipata. Haya, nilidanganya. Kusema "haloo" tu ni kama kumeza wembe. Kwenye maiki najikaza, kwa sababu wananipigia makofi. Simu haipigi makofi.

Hospitali nilienda. Mbele yangu alibaki mtu mmoja tu. Pembeni alikaa mzee mwenzangu mwenye tundu shingoni. Nikamsalimia, nikamtania. Akatoa daftari, akaniandikia jibu. Jibu la utani, mama, kwenye daftari! Nikasimama kama naenda kukojoa, nikapitiliza mpaka kiwandani. Ilikuwa fainali ya chemsha bongo, watu wamejaa hadi mlangoni. Usinune.

Baba yako, Mzee wa Maiki

15 Aprili

Shikamoo baba,

Hali yako siulizi, nimeshaijua.

Sijanuna. Nimelia, nikanawa uso, nikaenda kazini. Mimi sihitaji mtu wa maiki. Nahitaji baba, hata akiwa bubu. Niandikie utani wako kwenye daftari, nitacheka, nakuapia.

Wamekubali kukuona tarehe 28. Tafadhali baba, safari hii kaa kwenye benchi.

Mwanao

3 Mei

Mwanangu,

Natumaini nyote wazima. Mimi nipo.

Nilikaa kwenye benchi. Daktari akaingiza kamera kooni, kisha akanipiga picha ya kifua. Akaniuliza sauti ilianza lini kubadilika. Nikamwambia tangu mwaka jana. Akasema ningekuja wakati ule wangekata uvimbe wa kooni. Sasa umeshateremka kifuani, kisu hakina kazi.

Ijumaa nikaenda kuwaaga watu wa kiwandani. Nikashika maiki, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Wakangoja. Nikajaribu tena. Nikajishika koo, niwaonyeshe. Wakadhani ndiyo jambazi anakufa. Wakacheka, wakapiga meza. Nikatikisa kichwa kwamba siyo mchezo, wakazidi. Wengine walisimama kunishangilia. Mpishi wa bia peke yake hakucheka. Akaja polepole, akaniondolea maiki mkononi.

Nimeogopa, mama. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Usiandike tena, barua zinachelewa. Njoo. Keti hapa uongee unavyotaka, mimi nitasikiliza.

Baba yako